Nyumba Iliyoitwa Habari

Machi 7, 1992

Nianze kwa kueleza niko wapi, maana daftari hili wajukuu wangu watalisoma nikifa, na wajukuu wangu hawajui kitu.

Mimi ni Jamleck, fundi wa miavuli. Nafanyia kazi kwenye baraza ya mbele ya nyumba ya Mama Chanchal, hapa Parklands, na nalala nyuma katika banda lililojengewa farasi wa mzee Bhanu, baba mkwe wake, aliyekuwa akiuza vitambaa Mtaa wa Biashara. Farasi walikufa zamani. Sasa farasi ni mimi. Steji ya matatu ya hapa inaitwa Habari, duka la maziwa linaitwa Habari, na nyumba yenyewe watu husema Kwa Habari. Kwa nini, hakuna anayejua, na ndiyo sababu kila mtu anaeleza.

Muthoni, mke wangu, ameniletea ujumbe kutoka Kinoo kwamba nirudi nikalime kabla mvua haijaanza. Nimemjibu kwamba fundi wa miavuli akienda shambani wakati wa mvua, basi na padri aende likizo Krismasi.

Machi 15

Bado kavu. Mama Chanchal amenikemea kwa kuegemeza mguu kwenye nguzo ya msaji. Nguzo imechongwa maua, mguu wangu haujachongwa kitu, kwa hiyo ameihurumia nguzo.

Machi 19

Mvua. Asante.

Machi 22

Indravadan amefika kutoka Leicester. Ni mtoto wa pekee wa Mama Chanchal, daktari wa meno, na kila akikusalimu anakutazama mdomoni. Mimi nimemfungulia mdomo wote aone alivyochelewa.

Hakuja kutalii. Amekuja kuuza nyumba. Januari mama yake aliteleza kwenye ngazi akalala pale chini mpaka nilipomsikia, na tangu hapo kijana hana usingizi. Anataka kumpeleka Leicester, na hapa kontrakta mmoja, Singasinga anayeitwa Gurdeep, asimamishe fleti. Nyumba iko kwa majina yao wawili, mama na mwana. Mama amesema hataki kuhama, lakini pia hatamburuta mwanawe kortini. Wamebishana kutwa kwa Kigujarati. Mimi sijui Kigujarati ila najua kubishana, nimeoa.

Jioni walikubaliana hivi: iko ofisi ya serikali inayoshughulikia majengo ya kale. Ikisema nyumba hii ilindwe, Indravadan atanyamaza. Ikikataa, mama atatia sahihi mvua zikiisha, maana Gurdeep mwenyewe amesema hachimbi msingi kwenye matope.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani wakulima na mimi tunaomba kitu kimoja: mvua isiishe.

Machi 28

Leo ofisi hiyo imemtuma msichana wa usanifu wa majengo, Nanyama, mwenye futi ya kamba, kamera na viatu vya kanisani. Mama Chanchal alikuwa anaumwa na mgongo, kwa hiyo nilimtembeza mimi, kama mwenye nyumba.

Nilimwonyesha uso wa nje: mawe ya kijivu kama ya benki, matao kama ya hekalu. Juu ya mlango kuna roshani ya mbao iliyotobolewa matundu madogo madogo, ili wanawake wa nyumba wamwone anayekuja na yeye asiwaone. Ukiingia unadhani utakutana na giza, kumbe unakutana na mbingu. Katikati ni uwanja usio na paa, vyumba vimeuzunguka chini na juu, na mvua huingia pale kama mgeni anayejulikana, ikashuka kwenye mtaro wa mawe ikaenda zake. Paa ni vigae vya kutoka Mangalore. Na juu ya paa, chimni.

Hiyo chimni nilimwekea mwisho. Mzee Bhanu aliona Wazungu wa Muthaiga wote wana chimni, akawaambia waashi wamwekee na yeye. Hakuna aliyemwambia kwamba chini yake huwa kuna mahali pa kuwashia moto. Inasimama juu ya chumba cha kuwekea magodoro. Haijawahi kutoa moshi hata wa sigara. Nanyama alicheka mpaka futi ikamtoka mkononi.

Halafu akaniita babu kwa Kikuyu, akasema, "Guka, nyumba ni nzuri, mimi nimeipenda. Lakini wakubwa wangu hawatauliza uzuri. Watauliza, kitu gani kilitokea hapa?"

Sikuweza kumwacha mtoto wa watu aondoke mikono mitupu. Nilimwambia kwamba chimni ilificha waya wa redio. Kwamba wakati wa kupigania uhuru, makaratasi ya siri yalikuwa yakichapishwa pale uwanjani usiku, na ndiyo maana ya jina Habari. Aliandika yote. Niliandamana naye hadi steji nikijisikia kama mtu aliyemchinjia mgeni mbuzi.

Aprili 3

Mvua kubwa. Miavuli kumi na kitu. Chuma cha mwavuli cha siku hizi ni laini kama mapenzi ya vijana.

Aprili 9

Nimeumbuliwa.

Nanyama alirudi kumsomea Mama Chanchal alichoandika. Niliitwa juu, chumba chenye bembea ya kuning'inia na vioo vya rangi. Mama alikuwa amekaa kwenye bembea, habembei.

"Jamleck. Redio gani?"

Nikasema labda ilikuwa redio ndogo.

"Baba yetu alikuwa anaogopa hata kengele ya mlango," akasema. Akamgeukia msichana. "Andika ya kweli. Kwetu Gujarati, nyumba kubwa kama hii ni haveli. Baba alikuwa anasema siku yote, haveli yangu, haveli yangu, leteni mawe kwa haveli. Hawa waashi wa Kikuyu wakasema haberi. Haberi, haberi. Mwisho ikawa habari."

Nilijaribu kwa ulimi wangu mwenyewe. Naapa nilikusudia kusema vizuri. Lakini mtu wa Kinoo akitamka v inakuwa b kabla haijatoka mdomoni, na l inakuwa r. Ikatoka haberi, safi kabisa. Nanyama akachora mstari juu ya redio yangu, juu ya makaratasi ya siri, juu ya usiku wote ule wa kupigania uhuru.

Kisha akauliza kama hilo jina liliwahi kuleta jambo lolote. Mama Chanchal akainuka akasema chai imepoa. Chai ilikuwa inatoa moshi kuliko chimni.

Nimeelewa. Anaona haya kwamba jumba la baba mkwe wake lilipewa jina na waashi. Maringo tu.

Aprili 14

Mvua. Mtaro wa uwanjani umeziba, maji yamepanda hadi kizingiti. Indravadan amevua soksi akaingia. Ameteleza. Amezungumza Kiswahili ambacho sikujua anakijua.

Aprili 20

Hakuna kitu. Mama amepita hajanisalimu.

Aprili 25

Leo kalamu itachoka.

Asubuhi alikuja mama mmoja mzee wa Uthiru na mwavuli mweusi uliopinduliwa na upepo. Jina lake Wangu, na jina hilo ni taabu, maana ukiita "Wangu!" barabarani wapita njia wanadhani mmeoana. Nilimwambia hivyo. Akasema yeye hana shida, mimi ndiye ningekuwa na shida. Nikampenda papo hapo.

Nilipokuwa nakunja vyuma, yeye alikuwa anaangalia matao, anaangalia roshani. Akauliza kama hapa ndipo Kwa Habari. Nikasema ndipo. Akaketi kwenye ngazi, hapo penye maji, bila kujali rinda.

Akanieleza polepole. Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, askari waliuzunguka mji wakawabeba wanaume kwa malori. Mungai, kaka yake mkubwa, alibebwa. Mama yao aliacha kula. Wangu alikuwa msichana wa kuuza mboga milangoni kwa Wahindi, na mboga zilimpitisha pasipopitika. Mama akamwambia atafute mahali pa kupata habari. Akauliza sokoni. Akaambiwa, habari? Nenda Parklands, kuna nyumba ya Habari, kila mtu anaijua.

"Nikagonga huo mlango," akasema. "Akafungua bibi harusi wa Kihindi, mikono bado ina hina. Nikamwambia, habari ya Mungai? Akacheka vizuri, akasema, nzuri. Nikamuuliza, nzuri kabisa? Akasema, nzuri sana."

Mikono yangu ikaacha mwavuli.

Bibi harusi alikuwa hajamaliza mwezi tangu ashuke melini. Alikuwa amefundishwa neno moja la Kiswahili na jibu lake moja. Watu walikuwa wanakuja mlangoni kuulizia waume zao na watoto wao, na yeye akidhani mji huu una watu wenye adabu ajabu, wanapanda mlima kuja kumsalimu tu.

Wangu alikimbia hadi Uthiru. Mama yao alikula siku hiyo, na siku iliyofuata.

"Na Mungai?" nikauliza.

"Mungai alikuwa ameshakufa wiki hiyo hiyo. Tulikuja kuambiwa baadaye sana."

Nilisikia mbao zikilia juu. Nikainua macho. Nyuma ya yale matundu madogo ya roshani kulikuwa na kitambaa cheupe cha sari.

Mama Chanchal alishuka mwenyewe, ngazi yote, mkono ukutani. Nilitaka kumshika akakataa. Alisimama mbele ya Wangu. Wangu ndiye aliyemtambua kwanza. Alimtazama viganja, kana kwamba hina ingekuwapo bado.

Mama Chanchal akasema, "Nilikuwa sijui neno lingine."

"Najua," Wangu akasema. "Nilijua nilipokuwa mkubwa. Nilikuchukia kidogo, halafu nikachoka."

"Nilidanganya wengi."

"Mama yangu angekufa wiki ile. Alipokuja kuambiwa ukweli alikuwa na nguvu za kulia. Mtu wa kulia lazima awe amekula."

Nilikwenda nyuma kutafuta gundi ambayo sikuihitaji.

Aprili 26

Nimemuuliza Mama Chanchal yaliyofuata, na kwa mara ya kwanza amenijibu kama mtu na si kama mguu.

Mzee Bhanu aligundua pale wanawake walipoanza kuleta mayai na viazi vitamu. Akauliza ni vya nini. Wakasema ni shukrani kwa habari nzuri. Yule mzee mwoga wa kengele akaenda akaketi kwenye baraza, hapa ninapokaa mimi, akashika kichwa. Kisha akaanza kuuliza kweli. Alikuwa anauza kitambaa cha sare kwa watu wa kambi za kizuizini, makarani walimjua. Kila jioni alikaa hapa na wale wanawake, akasema alichosikia, kizuri na kibaya. Bibi harusi alikaa ubavuni mwake akijifunza Kiswahili kwa habari hizo hizo. Hebu fikiria kujifunza lugha hivyo.

Nilimwambia, "Mama, basi nyumba imepona. Hii ndiyo wanayoitaka wale wakubwa. Kitu kilitokea hapa, na ni kikubwa kuliko redio yangu."

Akasema hapana. Hakumwambia hata Indravadan. "Wale akina mama walilia kwa sababu yangu. Nitawauza tena ninunue ukuta?"

Akaniapisha. Mimi, Jamleck, ambaye nimewadanganya machifu, mapadri na Muthoni, nimepewa ukweli mmoja unaofaa na nimekatazwa kuusema.

Aprili 30

Mvua. Ulimi unawasha.

Mei 8

Wamekuja wakubwa wawili na Nanyama. Walipima, wakagonga mawe, wakaipiga picha chimni wakicheka. Mmoja akasema nyumba hii haikujua inataka kuwa ya nani. Nilifikiri, na wewe je, na hiyo tai?

Halafu akaja barazani akaniuliza mimi. Alisema, "Mzee, kwa nini inaitwa Habari?"

Mama Chanchal alikuwa mlangoni. Indravadan nyuma yake. Nanyama ananitazama na kalamu juu, kama anayesema, leo danganya vizuri. Ulikuwa mlango wazi kabisa.

Nikasema, "Ni sisi kushindwa kusema haveli."

Wakacheka, wakaandika, wakaenda.

Mama Chanchal alinishushia chai yeye mwenyewe. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Nimeinywa yote.

Mei 16

Muthoni amekuja na maharagwe mabichi kuona kama bado niko hai au nimeoa. Alikaa juu na Mama Chanchal saa nzima. Nilipomuuliza walizungumza nini, alisema walikuwa wananionea huruma.

Mei 21

Nanyama amekuja na macho mekundu. Wamekataa. Wamesema zipo nyumba nyingine za namna hii, mtindo wake umechanganyika, na hakuna kilichotokea ndani yake. Alitaka kujua kama kuna kitu nilimficha. Nikamwambia mzee huficha vitu vingi hata mwenyewe asivione. Hakucheka. Alizunguka uwanja mara ya mwisho akigusa nguzo.

Indravadan hakushangilia. Alimshika mama yake bega. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi.

Mei 27

Manyunyu tu. Jua limetoka mchana. Sijawahi kulichukia jua kiasi hiki.

Mei 30

Gurdeep amepita na buti zake kuangalia matope. Amesema yamekauka vya kutosha. Jumanne atakuja na wakili, watie sahihi. Aliniambia kwa heshima, "Mzee wangu, tafuta baraza nyingine." Nikamwambia baraza ziko nyingi, mwenye kuzikalia ndiye mmoja.

Nimeanza kufunga vyombo.

Juni 2, Jumanne

Mvua imerudi asubuhi, bila kuitwa, baada ya kazi kwisha. Kama askari.

Gurdeep na wakili walifika wakaingizwa sebuleni, mlango wa mbele ukaachwa wazi. Mama Chanchal alikuwa bado juu anavaa. Nilikuwa nafunga kamba kwenye sanduku langu nilipomwona mwanamke anakuja kutoka steji, mtoto mgongoni, mfuko wa nailoni kichwani badala ya mwavuli. Alinipita akaenda moja kwa moja mlangoni. Indravadan akamtokea, na peni ya kutilia sahihi iko mfukoni.

Mwanamke akasema anaitwa Phoebe, ametoka Songhor, kule kwenye vita vya mashamba. Nyumba zao zilichomwa. Mumewe, Ogutu, alikimbilia upande wake na yeye upande wake. Amefika Nairobi kutafuta wale watu wa gazeti, watoe jina la mumewe. Aliuliza njiani ni wapi nyumba ya habari, akaonyeshwa steji hii.

Indravadan alimjibu kwa upole. Alisema pole sana mama, umepotezwa, hili ni jina tu la mtaa, magazeti yako mjini, nitakuelekeza. Alisema kila neno sawasawa. Nilitaka kumpiga na mwavuli.

Phoebe hakuondoka. Hakubishana pia. Aliketi tu kwenye ngazi, pale pale penye maji, akamgeuza mtoto mbele.

Mbao zikalia juu. Safari hii mama alishuka upesi, na sari haijafungwa vizuri. Alimpita mwanawe, akawapita Gurdeep na wakili waliokuja kuchungulia, akajishusha kwenye ngazi karibu na Phoebe, mgongo na yote. Akamuuliza jina la mume, kijiji, alikuwa amevaa nini, walikuwa wakisali kanisa gani. Akamuuliza kama mtu anayejua cha kuuliza.

Indravadan akamwita mama kwa Kigujarati, "Ba, unafanya nini? Watu wanangoja."

Basi akamwambia. Hakusimama, aliongea kutoka pale chini, kwa Kigujarati, mkono wake juu ya mguu wa mtoto wa Phoebe. Sikuelewa kitu. Niliyashika maneno mawili tu yaliyopita katikati ya mengine, kwanza "habari", halafu, kwa sauti ndogo sana, "nzuri". Na jina, Mungai. Nilikuwa nimeshika kamba ya sanduku na sikuivuta.

Kijana alikuwa anaangalia mlango. Ule mlango tu, mbao zake, kama hajawahi kuuona. Nadhani alikuwa anamtafuta bibi harusi.

Alipomaliza, Indravadan alivua koti akamfunika mtoto. Akamwambia Phoebe, "Sijui mume wako yuko wapi. Ingia ndani, tutauliza."

Alikaa kwenye simu asubuhi yote. Alipigia gazeti, akapigia misheni, akapigia hospitali za Kisumu, akitaja lile jina Ogutu vibaya hadi Phoebe akamfundisha. Mama yake alikuwa ubavuni anamsukumia namba. Mara moja nilisikia akimwambia karani fulani kwa sauti ya daktari kwamba hapana, hatapiga kesho, atangoja hapo hapo kwenye laini.

Saa sita hivi Gurdeep alitoka barazani na wakili, makoti ya mvua mikononi. Aliniuliza mimi nadhani warudi lini.

Nikafungua sanduku langu, nikatoa koleo, nikaketi mahali pangu.

"Leo haiwezekani," nikamwambia. "Nyumba iko kazini."